Daftari la Piz Nuorsa

Maana yake Kilele cha Kondoo,
ingawa hakuna kondoo mwenye akili timamu
angetia kwato pale.
Ni kidogo: mita elfu tatu kasoro kiganja.
Kadi za posta hazikijui.
Wageni hushuka kwenye gari la waya, wakakipa mgongo,
wakapiga picha jirani yake mrefu, mwenye theluji.

Wanaokuja kwangu ni wengine.
Vidole vina sugu, maneno machache.
Hawaulizi njia. Huuliza kama ufa wa tatu umekauka,
kama lile jiwe linalocheza bado linacheza.
Linacheza, nawaambia.
Hunywa supu ya shayiri, hulala mapema,
na alfajiri nasikia vyuma vyao mlangoni
kama vijiko kwenye droo.

Mimi sijakipanda.
Miaka thelathini na mmoja naosha vikombe chini yake,
nakijua kama unavyomjua mpangaji wa chumba cha pili:
kwa kikohozi. Jua likishika uso wa kusini,
mawe huanza.

Jana Riet na Aita wameshuka na kopo.
Daftari limejaa, Mengia. Linatakiwa jipya.
Kurasa themanini, miaka ishirini na sita!
Kwa jirani hujaa kwa wiki.

Nikalifungua, mikono ikinuka sabuni.
Kutu imekula pembe.
Mtu wa Bergamo kachora mbuzi.
Mwingine kaandika *nimeogopa*, hakuweka jina.
Mimi nilitafuta mwandiko mmoja tu,
na maneno yake nilikwisha kuyatunga kichwani:
labda mbingu, labda Mungu,
labda mimi.

Ukurasa wa kumi na moja. Agosti.
Herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua ya mawe:

*Jachen. Peke yangu. Upepo.
Jibini imebaki nyumbani.*

Basi.

Haikubaki, Jachen. Niliificha.
Tuligombania nini sijui, paa, au dada yako,
nikasema moyoni na aende na mkate mkavu,
autafune huko juu anijue.
Ukarudi jioni, ukavua viatu, ukaomba chai.
Sikuuliza. Hukusema.
Kabla theluji haijayeyuka tulikuzika,
nami nikadhani hata hukutambua.
Kumbe ulikibeba kinyongo changu genge kwa genge,
ukakisajili kwa penseli,
ukakifungia ndani ya kopo.

Aita akauliza, umekipata unachotafuta?
Nikasema karatasi zimelowa.

Kesho wanapanda tena, na daftari jipya.
Nimekata jibini, kipande kinene, ya malisho ya juu,
nimeitia kwenye mfuko wa Riet,
chini kabisa, chini ya kamba,
ambako mtu haangalii mpaka njaa imuume.
Nimeiandika kwenye hesabu yao.
Bei ni ileile.