Koni ya Tisa

Kimo changu ni futi tano kasoro inchi moja.
Boneti ya Hrycak yanifika kidevuni.
Nimepima, alfajiri moja ya Novemba,
kibao changu cha SIMAMA mkononi
na sakitu kwenye kope.

Miaka kumi na minne navusha watoto wa shule hapa,
kwenye mji huu wa Alberta wenye upepo usio na adabu.
Nayajua magari kama mkunga ajuavyo vilio.
Hili halilii.
Linanguruma chini kwa chini,
kama mtu mzima anayesafisha koo
ili wengine wanyamaze.

Wendell Hrycak huchonga meno ya bandia.
Kila asubuhi pikapu ya tani tatu
hubeba kijisanduku cha meno,
na meno hayo, nadhani, hayatikisiki hata kidogo.
Ukubwa ni jaa, wasema wenye kusema,
lakini tumbo lile la chuma halijawahi kujaa.
Nimeliona na mti mmoja wa Krismasi,
na mfuko wa chakula cha mbwa,
na theluji, theluji, theluji,
abiria asiyelipa wala kushuka hadi Aprili.

Ukumbini kwa manispaa tuligombania maegesho.
Odette Lamoureux, mimba ya miezi minane,
alisema alibanwa kati ya pikapu mbili
akaingia garini mwake kupitia buti.
Garnet Thiessen akasimama na kofia yake:
"Mimi nina ng'ombe mia mbili.
Msinichanganye na huyu wa meno."
Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikaongeza
kwamba ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Wendell akawa mwekundu hadi masikioni.
"Januari ile, Marlys, nani alikutoa mtaroni?"
Kweli. Kamba ilikuwa yake,
mtaro ulikuwa wangu.
Kisha akasema, polepole, akitazama viatu:
"Baba alifia ndani ya kigari kidogo.
Gurudumu la lori lilikuwa dirishani pake.
Mke wangu hatapanda kitu kidogo."

Nikakaa.
Nilikuwa na jibu, lakini lilikataa kusimama:
kwamba hofu yake sasa ina matairi,
na dirisha la mtu mwingine liko chini yake.

Jumamosi nikabeba koni za shule hadi kwake.
Nikazipanga kutoka kwenye bampa kwenda mbele,
kila moja hatua moja ya mtoto wa chekechea.
Akapanda, akashika usukani.
"Waona ngapi?"
"Koni gani?"
Nikaongeza. Nikaongeza.
Ya tisa ikachomoza ncha tu,
kama kofia ya sufu ya mtoto.

Alishuka akazihesabu kwa kidole,
moja moja, kinywa wazi,
kama mgonjwa anayehesabu mapengo yake.
Halafu, sijui kwa nini, akasema: "Panda wewe."

Nikapanda. Kiti kilikuwa na joto.
Mtaa wote ukalala chini yangu,
ua wa Odette, sanduku la posta, hata paa la gereji,
na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe
nilimtazama mwanamume bila kuinua shingo.
Nilipenda.
Hilo sikumwambia mtu.

Hakuiuza. Mkopo una miezi sitini na mmoja bado.
Lakini kabla ya kuwasha, naona kutoka kona yangu,
huizunguka kwa mbele, sanduku la meno kwapani,
huinama, huchungulia,
kama aliyeangusha sarafu.
Nikiinua kibao husimama mbali,
mbali kuliko wote, hadi wa nyuma wampigie honi.
Hapo ndipo uso wake huonekana, mdogo, nyuma ya kioo.
Nawahesabu watoto wakivuka.
Midomo yake nayo inacheza:
sita, saba, nane.