Mapatano na Kabati

Desemba thelathini na moja. Stima imepotea Umoja yote,
nami nimeketi kitandani, tochi mdomoni
kama mekanika,
nazihesabu nguo zangu.

Wenzangu kazini wameshaandika malengo yao:
ploti Joska, kupunguza kilo kumi, kuacha soda.
Mimi, mhasibu wa duka la vipuri Barabara ya Kirinyaga,
nijuaye bei ya kila bolti,
sikujua nina blauzi ngapi.

Kumi na tisa.
Kumi na moja ni za rangi ya vumbi.
Nilizinunua kwa kuwa hazionyeshi uchafu,
miaka ikapita,
nami pia nikaacha kuonekana.

Sketi ya kijivu ni ya mahojiano ya kazi, mwaka wa tisini na nane.
Zipu yake na kiuno changu hawasalimiani tena.
Namtunzia nani? Yule msichana mwembamba
aliyeruka chakula cha mchana ili apate nauli?
Harudi yule. Na akirudi, nitampa ugali kwanza.

Gauni jeusi lina hanga lake peke yake.
Mwaka huu limetoka mara saba.
Hakuna vazi langu lililochapa kazi hivyo:
Mwala, Kakamega, Lang'ata mara mbili.
Ndani ya pindo bado mna udongo mwekundu,
sijui wa kaburi la nani.
Lengo la kwanza, naandika: hili lipumzike.
Nafuta. Si langu kuamua.
Naandika: lifuliwe, lipigwe pasi,
likae mwisho kabisa, nyuma ya koti la mvua.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.
Hawakufika Gikomba alfajiri ya Jumanne
robota likifunguliwa, wanawake wazima
wakivutana mkono mmoja wa sweta.
Ndiko nilikolipata hili la manjano,
manjano ya kiini cha yai la kienyeji.
Kwenye ukosi pana kitambaa kidogo, kimeshonwa kwa mkono,
uzi wa buluu: Ingeborg.
Simjui Ingeborg. Najua alikuwa mrefu,
alipenda mifuko,
na siku moja alijimwagia kitu kifuani,
akasugua, akasugua,
doa likatoka nusu, nusu likagoma.

Shilingi mia mbili hamsini. Mwaka wa nne huu
linasubiri siku yake.
Siku gani? Syombua alipohitimu nilivaa vumbi,
eti mvua.
Kavutha alipoolewa nilivaa vumbi,
eti watu watasema.
Na watu wakasema: huyu ni wa jikoni?

Basi sikiliza, kabati.
Sinunui tena kitu kwa sababu tu ni rahisi.
Fundi Okwaro wa Ngara atampunguza Ingeborg vidole vinne,
ila jina asilitoe.
Sketi inakwenda kwa binti wa jirani,
ana mahojiano tarehe kumi, na kiuno bado anacho.
Viatu vinavyobana...
hivyo tutaendelea kubanana mpaka karo iishe.
Januari ni Januari.

Tarehe mbili, saa moja asubuhi.
Fundi hajarudi kutoka kwao,
nimelikunja pindo kwa pini tatu
nikashuka ngazi kwenda kibandani kwa Nyamboki.

"Mama Syombua! Unaenda wapi hivyo?"

Nikageuka nyuma, kana kwamba kuna mwingine.
Mtaro. Paka. Mtoto na tairi lake.

"Hapa," nikasema. "Maziwa nusu lita, na mkate."

Akanihesabia chenji polepole mno,
macho yako kwenye manjano, si kwenye sarafu,
akanizidishia kumi. Nikamrudishia.
Kisha nikarudi kwa njia ndefu,
ile ya kuzunguka kanisani,
pini moja ikinichoma goti.