Kiasi: Kiasi

Simu ya kwanza ya Jumamosi, saa kumi na mbili na robo,
majani ya chai bado yanaelea kikombeni.
"Ni Mkamburi, wa jikoni South B.
Programu yenu inasema pilau itaiva kesho.
Harusi ni leo."

Nasoma maswali yaliyobandikwa ukutani.
Umezima ukawasha? Nimezima, nimewasha.
Mtandao upo? Unakuja na kwenda kama stima.
Toleo la ngapi?
"Kijana, mimi nina sufuria tatu motoni."

Naifungua pilau yake huku kwangu Ngara, ghorofa ya tatu.
Watu wanane, dakika arobaini na tano.
Akaandika wageni mia tatu na ishirini,
programu ikazidisha kila ilichokiona kwa arobaini,
mchele, nyama, bizari, na saa pia:
saa thelathini jikoni, bila aibu.
Hesabu ni sahihi. Upishi ndio si sahihi.
Moto haujali wageni ni wangapi,
na hilo hakuna aliyemwambia aliyeiandika programu,
kijana mla chipsi, asiyejua kukaanga kitunguu.
Nakiri. Ni mimi.

Gusa muda, namwambia, ondoa tiki penye "ongeza kwa uwiano".
Penye maji fanya vivyo hivyo, kisha andika unavyojua wewe.
"Hapo ndipo tunapogombana," anasema.
"Nikiandika, inawaka nyekundu."
Umeandika nini penye Kiasi?
"Nimeandika kiasi."

Navuta kumbukumbu za makosa. Zimejaa tangu jana usiku, saa tano na dakika arobaini:
Chumvi: kiasi. Kosa, weka nambari.
Chumvi: kiasi tu. Kosa.
Maji: yapite mchele kwa pingili moja ya kidole. Kosa.
Kitunguu: mpaka kiwe rangi ya kiatu cha polisi. Kosa.
Iliki: muulize mama.
Kosa, weka nambari.

Nami, mjinga, namuuliza, mama yuko karibu?

Mwiko unagonga ukingo wa sufuria, mara mbili.
"Alituacha Februari. Daftari lake lilikuwa juu ya friji.
Bomba la jirani wa juu likapasuka.
Nilichoweza kusoma nilikiingiza humu kwa kidole kimoja, usiku kucha,
mtandao ukikatika nabonyeza hifadhi tena, na tena,
nikaamka na pilau tano zenye jina moja.
Jana nikafuta nne, nisichanganyikiwe."

Ikabaki ipi?

"Ndiyo hiyo nakupigia. Imebaki ya wifi yangu Nthenya, wa Kitengela.
Anatia karoti."

Sikucheka. Nilitaka.
Kikapu cha taka hutunza siku thelathini, namwambia, usiguse kitu.
Naingia. Pilau, pilau, pilau,
mbili tupu kabisa, jina bila mwili,
moja imekatika katikati ya neno "usikor",
na ya nne nzima, ina picha ya ukurasa uliolowa,
wino umetambaa kama mchuzi kwenye kitambaa cha meza.
Nabonyeza rejesha.
Kimya. Halafu upande wa pili:
"Eeh. Huyu ndiye."
Akakata, bila asante, na ilikuwa sawa.

Bosi wangu Mutinda alishaniambia:
ukiruhusu maneno penye nambari, orodha ya manunuzi itavunjika.
Mchana huu ofisi ni tupu. Nimeondoa mstari mmoja,
nimejaribu mwenyewe, Chumvi: kiasi,
na kioo hakikuwaka nyekundu.

Orodha ya manunuzi imevunjika, kama alivyosema.
Hilo ni la Jumatatu.
Saa tisa ujumbe unaingia, hauna salamu:
nimekufungia sahani, tuma mtu wa boda.
Haina karoti.