Kikoa

Nyanya yangu wa Kuze alilijua neno hili kabla yangu.
Kikoa: wanawake saba, kila Alhamisi nyumba moja,
huyu na mchele, huyu na nazi, huyu na kuni tu,
na asiyefika kwa wakati hukuta masufuria yameoshwa.

Mimi nimelikuta tena Shimanzi, ghorofa ya pili,
ofisi ya wakala wa forodha, ngazi zanuka dizeli,
katika kijisanduku cheupe kinachouliza:
mashine hii ni ya kikoa gani?

Mashine zenyewe tano, za mtumba, nzito kama saruji.
Chumvi ya hewa ya hapa haibishi hodi:
imeila shaba, imeacha unga wa kijani.
Vijibao vya kumbukumbu nimevisugua kwa ufutio wa shule,
ule wa waridi, wa shilingi kumi,
na iliyokuwa ikipiga mayowe matatu
ikanyamaza, ikawaka.

Nyaya nimezibana mwenyewe, nane kwa mpangilio:
nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu...
Kadzo wa mapokezi ameshika tochi ya simu, anahesabu nami.
"Ukikosea moja?"
"Hakipiti kitu."
"Kumbe ni kama karatasi za forodha."

Nikazipa majina: Mahamri, Mbaazi, Kachri, Viazi,
na ya Bi Raya nikaiita Mkatewasinia,
neno moja, maana seva haipendi nafasi.

Mahamri ikaingia.
Mbaazi ikaingia baada ya kuelekezwa,
kwani ilikuwa ikiwauliza watu wa mbali
habari za mtu wa nyumba hii hii.
Kachri ikakataliwa. Jina sahihi, neno la siri sahihi,
taa ya waya yapepesa. Nikahangaika hadi adhuhuri
ndipo nikatazama kona ya kioo:
Januari mosi, elfu mbili na mbili.
Betri yake, kidonge kile, ilikwisha kufa;
kila ikizimwa huzaliwa upya siku ileile.
Seva husamehe dakika tano.
Hii imechelewa miaka ishirini na zaidi.
Nyanya, masufuria yameoshwa.

(Betri mpya, Digo Road, shilingi hamsini. Nimeiandika kwenye risiti.)

Viazi haikuingia kabisa. Ni toleo la nyumbani,
walioiunda hawakuitoboa mlango huo.
Nimeiweka pembeni ichape lebo za makontena.
Hata kwenye kikoa cha nyanya alikuwepo jirani
aliyepelekewa sahani kibarazani.

Ikabaki ya Bi Raya, mweka hesabu.
"Miaka kumi na saba," alisema,
"haijapata kuniuliza mimi ni nani."
Sasa ikamuuliza.
Akajibu kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi,
na kioo kikafunguka kitupu, buluu tupu.

"Paka wangu yuko wapi?"

Paka wa Kibokoni, amelala juu ya mizani ya ofisi,
kilo tatu na nusu; na nyuma yake, mafaili,
kila meli, kila mzigo, kila deni lisilolipwa.
Hakupiga kelele. Alivua miwani,
akaifuta kwa ncha ya mtandio,
akaivaa, akatazama tena palepale.

Nikamwambia havijapotea, Bi Raya.
Umepewa jina jipya, ukafunguliwa chumba kipya;
vyombo vyako vimo chumba cha zamani, mlango wa pili.
Nikavihamisha, mstari wa kijani ukitambaa
hadi adhana ya alasiri,
yeye amekaa nyuma yangu na mkoba mapajani
kama anayesubiri jamaa hospitalini.
Paka akarudi, masikio kwanza.

Jioni nilipokuwa nikikusanya bisibisi zangu
niliinua kibodi yake niipanguse vumbi.
Neno la siri ameliandika kwenye kipande cha risiti,
amekibandika chini kwa gundi.
Nililisoma, nikairudisha kibodi.
Ni jina la paka, na uzito wake.