Kwanda Kuku

Jiji limezingirwa, Famau, tangu Rajabu.
Mfalme wa Majivu yuko juu ya mnara,
mkono u hewani, moto umesita vidoleni,
na sisi tuko bondeni tunatafuta kuku
watatu wa mjane, mmoja kishingo.

Kibanda cha Bi. Swabra, uchochoro wa Langoni:
shilingi ishirini kwa nusu saa,
pedi ya kushoto kitufe chake hukwama,
harufu ya viazi vya karai huingia bila kulipa.

Mimi nilitaka mnara.
Siku ya kwanza nilikipita kijiji, nikakipita kisima,
nikampita fundi viatu aliyekuwa akilia,
nikafika getini na upanga wa mbao.
Mlinzi hata hakunipiga. Alikohoa tu.
Nikafa.

Ulicheka mpaka benchi likalia.
"Mwenda mbio hufika," ukasema, "ila hufika mtupu."
Ukashika pedi, tukaanza upya.
Fundi tukampelekea uzi, akatushonea viatu visivyo na sauti.
Mpishi tukamchimbia tangawizi, akatupa supu ya kufufukia.
Msichana wa kinu alitaka mtu wa kumsikiliza, basi.
Hakutupa kitu.
Kwake ulirudi mara nne.

"Na jiji?" nikauliza.
"Jiji litangoja. Kwanda kuku."

Na kweli lilingoja. Ndiyo ajabu ya nchi ile:
njaa haisongi mbele usipoitazama,
mama wa ukutani amepakata mtoto yule yule
na mtoto haongezi jino.

Ramadhani tukapitiliza.
Kila usiku baada ya tarawehe, kazi za watu, kazi za watu,
hata mbuzi wa kijiji tuliwajua kwa majina.
Tulipopanda mnarani tulikuwa na panga saba
na mfalme akaanguka kwa pigo moja, pwa, kama dafu.
Tukatazamana. Hakuna aliyeshangilia.
Ukazima mashine bila kuhifadhi.

Ndipo ukatunga sheria, ukaiandika ukutani kwa makaa:
kazi tatu za watu, hatua moja ya mnara.
Ikatufaa. Vita vikawa na uzito, supu ikawa na ladha.
Tukafika getini tena, tisini na saba kwa mia,
mlinzi akatuona, na safari hii hakukohoa.
"Kesho," ukasema.

Kesho yake mjomba wako akapiga simu kutoka Malindi:
tanuri la mikate linataka mtu, aje upesi.

Asubuhi uliyoondoka nilikuwa na mtungi wa gesi begani,
wa Bi. Zainu, ngazi tatu.
Kisha akataka nimtundikie pazia.
Kisha nimsomee karatasi ya stima, miwani haioni.
Ningekataaje? Wewe ndiye uliyenifunza.
Nilikimbia. Punda wawili wameziba njia,
mmoja kabeba mchanga, mwingine hana sababu.
Gatini nilikuta maji, na ganda la ndizi likielea.
Boti haikuwa ya nchi ile.
Nilisimama kama mtu aliyebonyeza kitufe
na kioo kisibadilike.

Jana Bi. Swabra kaniita.
"Mashine imejaa. Hii yenye majina yenu wawili, niifute?"
Nikampa ishirini.

Viatu vyetu bado havina sauti.
Geti liko pale, pigo mbili tatu, na mwisho wake naujua.
Nikageuka, nikashuka hadi kwenye kinu.
Yule msichana akasema maneno yale yale,
yote, mpaka mwisho,
na kwa mara ya kwanza sikubonyeza kumruka.

Usiku ukaniandikia: *Ushampiga mfalme?*
Nikajibu: *Bado. Kwanda kuku.*
Alama mbili za kufika, hazikugeuka rangi.
Saa tisa. Nadhani ulikuwa unaukanda unga.