Kiungo cha Sitini na Moja

Queralt amelala. Baiskeli yake imepinduliwa
juu ya magazeti, magurudumu yakitazama dari
kama mende aliyeshindwa kujigeuza.
Haina kiti, baiskeli hii. Haikuundwa kwa safari.
Iliundwa kuruka jiwe, kutulia, kuruka jiwe lingine.

Mnyororo nimeuvua, umelala kwenye mafuta ya taa
ndani ya bakuli ambalo mama yangu alikandia unga
(asinisikie huko aliko).
Mswaki mkuukuu. Kitambaa. Tochi ya kichwani. Rula ya chuma.

Watu husema ajali haina kinga.
Waje waseme hapa mezani, mbele ya kaka yangu Jofre
anayechovya mkate kwenye supu mpaka ulainike,
kwa sababu miaka kumi na tisa iliyopita,
kwenye miamba juu ya mto Ter,
alikanyaga pedali kwa nguvu zake zote
na pedali haikumjibu.
Mguu ulikwenda chini peke yake.
Taya likaukuta usukani.
Tulitafuta meno nyasini hadi giza. Tukapata matatu.

Tukapata na mnyororo.
Ulikatikia kwenye pini aliyoitoa na kuirudisha,
akaitoa na kuirudisha, akibania euro nane.
Pini ni kama siri: ukishaitoa
hairudi ilipokuwa.

Mwendeshaji wa barabarani huzungusha tu,
uzito wake hulipwa kidogo kidogo, kama deni la dukani.
Mwanangu hudai lote kwa mkupuo:
amesimama, breki zimeuma, gurudumu halijasogea hata shubiri,
halafu teke moja, na mwili mzima unaning'inia
kwenye mabamba mawili membamba kama ukucha.

Kwa hiyo nahesabu. Nakunja kila kiungo kidoleni;
kinachogoma nakipa tone la oili, nakibembeleza kushoto, kulia.
Naweka rula: pini ya kwanza kwenye sifuri,
ya ishirini na moja kwenye milimita mia mbili hamsini na nne.
Ikivuka kwa milimita moja, mnyororo umezeeka.
Huu haujavuka. Nakaribia kufurahi.

Sitini na moja.
Bamba la nje, karibu na tundu la pini: unywele.
Nafuta. Unywele haufutiki.

"Mama, ni mchirizi tu." Yuko mlangoni, miguu mitupu.
"Na mpya hatujazoeana."
Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini huu hauzibiki.
Babu zetu hapa Ripoll walifua misumari,
walijua chuma huchoka kimyakimya
kisha husema mara moja tu.

Nafungua kopo la pesa za glovu zake mpya,
natoa mnyororo niliouficha chini ya noti.
Anacheka. Ananisaidia.
Pini mpya, kamwe si ya zamani, isukumwe polepole
mpaka ichungulie sawasawa pande zote mbili.
Meno ya mbele na ya nyuma yatazamane uso kwa uso.
Bonyeza kwa kidole gumba: ulegee kidogo, usining'inie.
"Tena," namwambia. Anabonyeza tena.

Halafu anaiegemeza baiskeli ukutani, anapanda, anafunga breki,
anapiga teke moja, la pili, la tatu kwa hasira.
Mnyororo kimya.
Kigae cha sakafu kimepasuka. Hicho tutakiziba.

Jofre ameamshwa na kishindo.
Hasemi kitu. Anauokota ule wa zamani bakulini,
anauvuta kati ya kucha zake, gizani, mgongo kwenye taa,
kama bibi anayesali rozari, bila kuhesabu,
mafuta yakimtiririka hadi kwenye viwiko.
Anasimama.

"Hapa," anasema.

Anaurudisha bakulini, ananawa mikono, anakwenda kulala.