Giza la Nuswaiba

Miaka ishirini na mitatu natia taa
usiku wa kupamba, kumbi za Majengo hadi Kizingo,
na sijauona hata mmoja.

Saa kumi alasiri ukumbi ni wangu:
ngazi, nyaya, koleo mdomoni,
shashi nyeupe nimeitundika nyuma ya kiti
ipokee rangi kama maji yapokeavyo sukari.
Magharibi nafukuzwa.
Wanawake waingia, mlango wafungwa,
nami nabaki uchochoroni na jenereta,
kisanduku cha swichi mapajani,
waya umepenya chini ya mlango kama panya.

Nilianza na mikebe ya maziwa ya unga,
balbu ndani, karatasi ya peremende mdomoni.
Nikajifunza kwa kuharibu:
nyeupe tupu huua hina,
kijani humpa bibi harusi homa,
na taa ya kutoka chini ilimgeuza mama mkwe zimwi.
Nililipwa nusu, na matusi juu.
Kaharabu ndiyo. Kaharabu, kutoka ubavuni,
hupandisha dhahabu shingoni na hina vidoleni.
Ndivyo niambiwavyo.

Lakini rangi si kazi. Kazi ni giza.
Zima zote. Hesabu saba.
Zikinyamaza hata bangili
ndipo umpandishe, polepole, miguu kwanza,
kama mtu afunuaye kawa mbele ya mgeni.
Swabra, mwanafunzi wangu, huwa ndani.
Akigonga mlango mara mbili, wako tayari.

Usiku wa Nuswaiba wangu aligonga mara mbili.
Nikazima.
Nikafika saba, kidole kikagoma.
Nane. Nikamwona akinishikia tochi chini ya ngazi,
meno mawili hana,
akiuliza mwanga ukizimwa hulala wapi.
Tisa. Swabra akagonga tena.
Kumi. Ndani kimya, hata watoto wachanga.
Kumi na moja,
nikapandisha.

Vigelegele vikatokea madirisha ya juu
pamoja na kaharabu,
ikamwagikia ukuta wa jirani na kamba ya nguo,
nikabaki kulitazama shati la mtu nisiyemjua
likigeuka dhahabu.

Siku hizi waja karakana, Mwembe Tayari,
mama na binti, picha kwenye simu:
maua haya, kiti kile.
Kisha mmoja huinama, sauti chini:
"Na utupe lile giza. La Nuswaiba."

Naandika risiti. Shashi. Taa kumi na mbili. Mafuta ya jenereta.
Mstari wa giza nauacha wazi.
Wao hudhani nimesahau.